Mada Isiyo na Mwandishi

"Kuchaji ni bure," alisema binti aliyekaa nyuma ya meza. "Ila anayechaji, anaandika."

Yule kaka alibaki na waya mkononi, hajui acheke au aondoke. Alikuwa ameupenya umati wote wa mapokezi, kapishana na mabegi na vikombe vya chai, kakanyagwa kidole, yote hayo kwa ajili ya soketi aliyoiona kwa mbali chini ya meza ya mwisho kabisa, ile iliyosukumwa mpaka karibu na mlango wa choo. Simu yake ilikuwa inakata roho.

"Anaandika nini?"

"Makala. Unaingia ukumbini, unasikiliza mada moja kwa makini, unarudi kwako unaandika kilichosemwa, ili na ambaye hakuwepo apate. Malipo hakuna. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikulaghai."

"Na nikikataa?"

"Simu itazima. Mimi nitafanyaje?"

Alicheka. Akachomeka.

Basi hivyo ndivyo binti yule, Mhariri wa makala za kongamano, alivyokuwa akiwanasa watu siku ile. Lilikuwa kongamano dogo la watu wa programu huria, zile programu za kompyuta ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua, kuzisoma, kuzirekebisha na kumgawia mwenzake bila kuomba kibali cha mtu. Meza nyingine zote zilikuwa zinagawa tisheti na stika, foleni zake zimezunguka nguzo. Ya kwake ilikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene TUNATAFUTA WAANDISHI, na watu walikitazama kama wanavyomtazama muuza bima. Asubuhi nzima alikuwa amempata mwanafunzi mmoja tu, naye alikuja kuuliza choo. Ndipo akaikumbuka ekstensheni, ule waya mrefu wenye soketi nyingi, iliyokuwa kwenye mkoba wake, akaitoa, akaitandaza miguuni. Kufika mchana alikuwa na kundi.

Mwenyewe alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu, kaikunja mpaka kwenye viwiko, na sasa alikuwa anapekua mezani, anainua karatasi hii, anasogeza ile, anasonya.

"Iko kichwani," yule kaka alimwambia.

"Nini?"

"Kalamu."

Mhariri akapapasa nywele zake zilizosukwa, akaikuta kalamu nyekundu imechomekwa humo. Aliona aibu, akaifunika kwa ukali. "Na wewe je? Shati la harusini, viatu vya shambani. Umetokea wapi?"

"Mtaroni. Nachora ramani, idara ya maji. Asubuhi nilikuwa natafuta bomba."

"Ulilipata?"

"Lilinipata lenyewe."

Kwenye orodha Mhariri akamwandika Bwana Chaji, bila kumuuliza anaitwa nani nyumbani kwao. Jina likaganda hapo hapo.

Makala yake ya kwanza ilifika siku chache baadaye. Mhariri aliisomea kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji alikokuwa msahihishaji, katikati ya kadi za mialiko na kitabu cha hesabu cha shule za msingi. Aliisoma, akaiweka, akaisoma tena. Kisha akapiga simu.

"Bwana Chaji, hujambo?"

"Sijambo, Mhariri. Umeipenda?"

"Umeandika mlango wa ukumbi unatazama upande gani. Umeandika mtoa mada alisimama umbali gani kutoka dirishani. Viti vilivyopangwa, umeandika. Feni, umeandika."

"Ndiyo."

"Kasema nini?"

"Nani?"

"Mtoa mada, jamani! Mtu kasimama mbele yako saa nzima anaongea!"

"Aa, huyo," alisema Bwana Chaji. "Aliongea vizuri."

Mhariri alicheka mpaka fundi wa mashine akazima mashine kuuliza kuna nini. Aliirudisha ile makala imejaa wekundu. Ikarudi. Akairudisha tena. Mwingine angesusa, angesema huyu dada ananionea, lakini Bwana Chaji hakususa. Ilipokuja mara ya mwisho ilikuwa nzuri kweli kweli, maana mtu aliyezoea kutafuta kilichofukiwa, ukishamwambia anatafuta nini, hatoki mikono mitupu.

Tangu hapo wakawa wanatafuta waandishi pamoja. Kongamano kubwa la mwaka lilikuwa linakuja, lenye mada tele, na kila mada ilitaka mtu wake. Mhariri alikuwa na maneno, Bwana Chaji alikuwa na miguu. Aliijua mitaa yote kwa sababu alishaipima yote. Walienda vyuoni, walienda kwenye ofisi za walimu, walisimama kwenye milango ya vibanda vya kuchapa na kutoa nakala. Wakiwa njiani Bwana Chaji alikuwa anamwonyesha kwa kidole, "Hapa tunapokanyaga pana bomba kuukuu kuliko bibi yangu," naye Mhariri anaruka pembeni kana kwamba litampasukia, na wote wawili wanacheka kama watoto.

Siku moja Bwana Chaji alimpigia mchana, sauti imejaa majivuno.

"Leo nimekupatia wawili."

"Wawili gani?"

"Mwalimu wa kemia na mke wake. Nilikuwa napima barabara mbele ya nyumba yao."

"Umewapataje wewe?"

"Niliwaambia Jumamosi maji yatatoka."

"Yatatoka kweli?"

"Mimi si mwongo. Yatatoka. Walivyofurahi, nikaona nisiiache hiyo furaha ipoe."

"Wewe mtu wewe!"

"Sema asante, Mhariri wangu."

Lile neno "wangu" Mhariri alilisikia vizuri sana. Kazi yake ilikuwa kufuta maneno yasiyo na kazi, na hilo hakulifuta.

Sasa, ili uelewe yaliyokuja kutokea, lazima ujue jambo moja. Mwaka wa nyuma waandishi walikuwa wanakimbia. Mtu akichukua mada halafu akashindwa, labda mtoto kaugua, labda bosi kambana, aliyekuwa mhariri wakati huo alimwandama kwa simu: kwa nini, ilikuwaje, mbona uliahidi. Watu wakaogopa hata kujaribu. Mhariri alipokabidhiwa kazi alitunga kanuni, na ya kwanza ilikuwa hii: mwandishi ana ruhusa kuiachia mada wakati wowote, na mtu yeyote asimuulize sababu. Majina yote yalikuwa kwenye ubao wa mtandaoni ambao kila mtu anauona. Ukitaka mada unaandika jina lako mbele yake. Ukiiachia unalifuta, basi, yamekwisha. Kanuni hiyo ndiyo iliyowarudisha watu, na Mhariri alijivunia kama mtu aliyejenga nyumba.

Bwana Chaji akawa anafika mpaka nyumbani, kwa Dada. Dada ndiye aliyemlea Mhariri baada ya mama yao kufariki. Alikuwa hasikii tangu utotoni, homa ilimchukulia masikio, lakini macho aliyobaki nayo yalikuwa yanaona hata ambayo watu hawajayatenda bado. Aliandika programu za maduka ya dawa, akiwa ameketi pale pale mezani na shuka lake mabegani, na kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Aliisoma. Alisoma makala za watu waliosikiliza kwa niaba yake.

"Huyu anakuja kuniona mimi?" Dada aliuliza kwa mikono, siku Bwana Chaji alipokuja mara ya tatu wiki hiyo.

"Anakuja kikazi," Mhariri alijibu kwa mikono.

"Kazi gani inayompaka mtu mafuta ya kunukia?"

"Anasemaje?" Bwana Chaji aliuliza.

"Anasema karibu."

Dada alimsoma midomo mdogo wake, akatingisha kichwa kwa huzuni ya kuigiza, akaenda kuleta chai.

Kisha Mwenyekiti wa kamati akamwita Mhariri ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu na tabia ya kupanga kalamu zake kwenye mstari kabla hajasema jambo baya. Alizipanga.

"Binti yangu, kamati imekaa. Siku hizi watu wanaangalia video. Tunarekodi kila mada, tunapandisha mtandaoni, mtu anaangalia. Hizi makala zinatuchosha. Kila mwaka nyingine hazina mwandishi, ukurasa unakuwa na mapengo, tunaonekana hatujajipanga."

"Video zenu hazina maandishi, Mzee. Asiyesikia anaona mdomo unachezacheza tu. Na mwenye bando dogo haoni hata huo mdomo."

"Naelewa. Ndiyo maana tumekupa nafasi." Akasogeza kalamu moja. "Kongamano linafunguliwa Jumatano. Jumanne saa sita mchana naufunga ubao. Kila mada iliyo kwenye ratiba iwe na mwandishi. Ikibaki hata moja, mwakani tunabaki na video peke yake."

"Zitajaa," alisema Mhariri.

"Tena tumekuwekea na wewe mada yako, siku ya mwisho. Utueleze hao watu wa kujitolea unawapataje."

"Zitajaa zote, Mzee. Na yangu."

Alitoka pale kichwa kiko juu. Hakumweleza Mwenyekiti kuhusu Dada. Hakutaka kuonewa huruma, alitaka ubao ujae.

Na ulijaa. Jamani, walihangaika! Alipiga simu mpaka sikio likawa la moto. Mada yake mwenyewe ilipopandishwa, hata hajaifunga laptopu, jina la Bwana Chaji likawa limeshatua mbele yake. Akampigia.

"Umeiwahi."

"Nani mwingine aichukue? Mimi ndiye nimekuona ukiifanya hiyo kazi."

Jioni zilizofuata Mhariri alifanyia mazoezi mada yake kwenye benchi la uani pale kiwandani, yeye anasoma, Bwana Chaji anasikiliza kakunja mikono. Siku moja alipomaliza, Bwana Chaji alikaa tu akimtazama.

"Mbaya?"

"Hapana. Nzuri." Akainuka. "Nzuri mno. Acha niende."

Akaenda. Mhariri alimsindikiza kwa macho mpaka getini, moyo umemjaa, anasema leo au kesho huyu atafungua mdomo.

Asubuhi yake alifungua ubao, akakuta mbele ya mada yake pako patupu. Aliusoma mstari ule mara nyingi, kana kwamba jina lingejitokeza kwa kutazamwa. Kisha akashuka chini kidogo, akaliona. Bwana Chaji alikuwa amehamia mada nyingine, ya ramani, iliyoachwa na mwanafunzi aliyeugua. Mtoa mada alikuwa dada mmoja mwenye miwani myekundu na tabasamu la tangazo la dawa ya meno.

"Kumbe!" alisema Mhariri peke yake, mbele ya kadi za mialiko.

Alishika simu, akaweka, akashika. Mwisho akapiga.

"Hujambo?"

"Sijambo. Za kazi?"

"Nzuri. Nimeona umeiachia."

"Ndiyo."

"Ruksa. Kanuni inaruhusu."

"Najua."

Mhariri alikuwa na swali kwenye ncha ya ulimi, neno dogo tu, kwa nini, na hakulitoa. Angelitoaje? Angemuuliza yeye, kesho angemuuliza mwalimu wa kemia, keshokutwa wote wangekuwa wamerudi kwenye hofu ya mwaka jana.

"Kuna jingine?" Bwana Chaji aliuliza, taratibu.

"Hakuna."

"Haya."

Simu ikakatika. Mhariri alikwenda bafuni kwa wafanyakazi, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Usidhani alikaa chini. Alijifuta uso akaanza upya. Alimpigia kila aliyemjua, na kila mmoja alikuwa na mada yake tayari, wengine mbili. Karani mmoja wa benki alikubali Jumamosi, akaiachia Jumapili, naye Mhariri akamwandikia "Asante kwa kujaribu" na kuuma meno. Yeye mwenyewe hawezi kujiandika. Dada alikuwa mhariri mwenzake, na wahariri hawaandiki, maana nani angewasahihisha? Ratiba nzima ilikuwa na majina, ila mstari mmoja, na mstari wenyewe ulikuwa wake.

Jumanne asubuhi Dada aligonga meza kwa kiganja kumtaka amtazame.

"Muulize."

"Siwezi. Kanuni."

"Kanuni katunga nani?"

"Mimi."

"Basi nenda na kanuni yako kitandani, uizalie watoto." Mikono ya Dada ilikuwa inakata hewa. "Uliiweka ili watu wasiogope. Sasa anayeogopa ni nani hapa? Mimi naona mtu mmoja tu."

"Dada, je, kama amechoka na mimi?"

"Utalia. Nitakupikia. Lakini mwakani sitaki kutazama midomo ya watu kwenye video kwa sababu mdogo wangu aliogopa kuuliza swali moja."

Mhariri alisimama. Alivaa viatu vya kutembelea, lile gauni la kijani likiwa halijapigwa hata pasi, akatoka.

Alimkuta kwenye barabara ya nyuma ya soko, ambako bomba lilikuwa limepasuka na mafundi walikuwa wameshachimba. Maji yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye milango ya maduka. Bwana Chaji alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, suruali imekunjwa magotini, ramani imefungwa kwenye nailoni, anawaelekeza watu wa chini. Alipomwona, ramani ilimponyoka.

"Mhariri?"

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Usinifanye mtoto. Nimeivunja kanuni yangu mwenyewe kuja hapa, kwa hiyo nijibu vizuri. Kwa nini umeniacha?"

Mafundi waliacha kuchimba. Hakuna aliyejisumbua kujifanya hasikii.

"Nimeiachia mada," alisema Bwana Chaji. "Wewe sijakuacha. Nimekaa siku zote hizi na simu mkononi nasubiri uniulize. Hata siku ile ulipopiga, nilikuuliza kama kuna jingine, ukasema hakuna. Nikajua basi, kwako mimi ni jina la kwenye ubao."

"Ukahamia kwa mwenye miwani!"

"Miwani gani? Ilikuwa ya ramani! Ilikuwa haina mtu, nawe ulitaka zijae!"

"Sasa yangu je? Mbona yangu umeshindwa?"

Bwana Chaji alijipangusa tope kwenye viganja, akazidi kujipaka. "Kwa sababu umetunga kanuni nyingi, Mhariri wangu. Kuna ile inayosema mwandishi mwenye undugu, ajira au mapenzi na mtoa mada aseme hivyo kwenye mstari wa kwanza, wasomaji wajue. Unaikumbuka?"

Mhariri aliikumbuka. Damu ilimpanda usoni.

"Jioni ile nilifungua ukurasa nianze kujiandaa," Bwana Chaji aliendelea. "Nikafika mstari wa kwanza, nikakwama. Nikiandika ukweli, dunia nzima itausoma, na mimi wewe sijakwambia. Nikinyamaza, nimewadanganya wasomaji wako. Kukwambia niliogopa. Nikaona njia ni kuiachia, halafu utaniuliza sababu, nami nitakujibu. Nilisahau kwamba wewe ukishatunga kanuni huivunji hata kwa rungu."

"Si nimeivunja?"

"Umeivunja."

"Basi nijibu. Mbele ya hawa hawa."

"Nakupenda," alisema Bwana Chaji. "Tangu ile siku ya soketi. Simu yangu ilishajaa kitambo, nami nikakaa pale pale nikijifanya bado nachaji. Haya, nimesema."

"Mwambie na yeye aseme!" sauti ikatoka shimoni.

Mhariri alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hajui aanze na lipi. "Nakupenda, we mjinga. Umeniliza bafuni kazini kama mtoto wa shule. Nakupenda. Sasa toa simu, saa sita inagonga."

"Nikiichukua, ule mstari nitauandika."

"Uandike."

"Kila mtu ataona."

"Na waone! Hiyo ndiyo maana ya huria. Toa simu!"

"Kaka," fundi mmoja alisema kwa heshima, "maji."

Aliitoa kwa vidole viwili vilivyobaki safi, akafungua ubao, akaandika jina lake. Wakasimama wote wawili juu ya kile kioo kidogo, mabega yamegusana, wakingoja. Kidogo ukaingia ujumbe wa Mwenyekiti kwa waandishi wote: ubao umefungwa, mada zote zina watu, hongereni, mwakani makala zipo. Mhariri alimkumbatia Bwana Chaji, tope na yote, na gauni la kijani likaharibika lisitamanike. Wala hakujali.

Siku ya mwisho ya kongamano alipanda jukwaani na gauni jingine, la zambarau, na mikono aliyoiacha wazi kwa makusudi. Alitoa mada yake yote kwa sauti na kwa mikono, neno kwa neno, na Dada kakaa mstari wa mbele anaipata yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza, papo hapo na wengine. Alieleza kuhusu soketi na boksi na wanaoachia. Alisema kanuni ya kutouliza ni nzuri, ila itaongezewa mstari: anayeachia na akataka kuulizwa, aseme. Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti alipiga makofi kwa muda mrefu, na alipoacha, akajiandikisha mwenyewe kuwa mwandishi wa mwakani.

Jumapili alasiri Dada aliita kikao cha uhariri. Makala ilimhusu Mhariri, kwa hiyo Mhariri hakuruhusiwa kuigusa, na Dada ndiye aliyeishika. Alimkalisha Bwana Chaji kwenye kiti kigumu cha jikoni, akavaa miwani, akafungua laptopu.

"Tafsiri," alimwambia mdogo wake. "Usipunguze kitu."

Mhariri akakaa kati yao.

"Anasema makala ni safi. Anasema umejifunza kusikiliza." Akatazama mikono ya Dada, akasita. "Anasema tatizo liko mstari wa kwanza."

Bwana Chaji alikaa wima. "Tatizo gani, Dada?"

"Umeandika, 'Mwandishi wa makala hii anampenda mtoa mada.' Anasema… Dada, hili mwulize mwenyewe."

Mikono ya Dada ikarudia, taratibu, kama kwa mtu anayefundishwa kusoma.

Mhariri akashusha pumzi. "Anasema sentensi inamwacha msomaji njiani. Anampenda, halafu? Anasema kupenda hata paka wanapenda. Anauliza una nia gani na… una nia gani na mimi."

Bwana Chaji hakumtazama Mhariri. Alimtazama Dada, aliyekuwa mama na baba katika nyumba ile, na akanyoosha mikono yake mikubwa mezani. Alianza kwa ishara, mbovu mbovu, alizojifunza kwa kuchungulia, na zilipomwishia akamalizia kwa mdomo, polepole ili Dada asome. Nataka kumwoa. Nimekuja kuomba kwako kwanza.

Dada alimkagua kuanzia shati mpaka viatu. Viatu siku hiyo vilikuwa safi. Kisha akamsogezea laptopu.

"Anasema uandike hivyo," alisema Mhariri.

Bwana Chaji akaandika. Dada akasoma, akakubali kwa kichwa, akaigeuza laptopu upande wa mdogo wake. Utaratibu wao ulikuwa huo: makala ikishahaririwa, haichapishwi mpaka mtoa mada mwenyewe aisome na kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli.

Mstari wa kwanza sasa ulisema: Mwandishi wa makala hii anampenda mtoa mada na anakusudia kumwoa, iwapo atakubali.

Mhariri aliisoma makala yote mpaka chini, maana kazi ni kazi, na wale wawili wakangoja bila kupepesa. Alipomaliza alirudi juu, akafuta maneno mawili ya mwisho ya ule mstari, akaweka nukta.

"Yaliyobaki ni kweli," alisema.

Dada akabonyeza kuchapisha.